Gari la Kwenda Kumchukua Mama

Vijana wa chuma chakavu walikuja na mkokoteni mmoja wakidhani unatosha. Gari la baba lilikuwa limekaa juu ya magogo nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Mlandizi, tangu nikiwa shule ya msingi, na miaka yote hiyo kutu ilikuwa ikilimega polepole hata mtu akilitazama alidhani limebaki ganda. Lakini chuma ni chuma. Walikwenda wakarudi na mkokoteni wa pili na wenzao wawili. Walipokuwa wanang'oa tangi la mafuta, kizibo kilifunguka, ikatoka harufu ya petroli iliyolala. Petroli ikilala miaka haiwi petroli tena. Inanuka utamu mzito unaokaa kooni. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mtu mzima mwenye wajukuu, arobaini ya baba imepita juzi tu, na harufu ile ikanikalisha kizingitini.

"Shangazi, unaumwa?" kijana mmoja aliniuliza.

Nikamwambia wafanye kazi yao.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Zama zile sabuni ilikuwa habari, sukari ilikuwa habari, na mtu mwenye gari lake mwenyewe alikuwa habari ya tarafa nzima. Wengine walimwita baba kabaila kwa utani, wengine bila utani. Balozi wetu wa nyumba kumi akipita mbele ya nyumba alipunguza mwendo, akalitazama gari, akaguna, akaenda zake. Baba hakuwa kabaila. Alikuwa dereva wa lori la ushirika, akisomba korosho kutoka Gwata na Dutumi kuzipeleka ghalani, na lori lenyewe lilikuwa zito na la polepole kiasi kwamba watoto tulikuwa tunalikimbilia na kulidandia nyuma.

Kabla ya lori alimfanyia kazi Mtaliano mmoja, injinia wa barabara. Yule Mtaliano alikuwa na gari lake dogo la milango minne, rangi ya maziwa, lenye pua fupi na taa nne mbele. Lilikuwa gari la mbio lililovalishwa kanzu ya gari la familia, hivyo ndivyo baba alivyopenda kusema. Mtu hakuruhusiwa kuliendesha. Baba aliruhusiwa kuliosha tu, na aliliosha miaka mitatu. Kazi ya barabara ilipokwisha Mtaliano akafunga mizigo, akamuuzia baba gari lile kwa bei ya kutupa. Baba alidhani ni zawadi ya uaminifu wake. Labda ilikuwa zawadi. Mimi nilipokua nilijifunza kwamba Mtaliano yule alikuwa pia mtu mwenye hesabu, na alijua anachokikimbia.

Maana gari lile lilikuwa na maradhi. Lilichemka. Mkipanda nalo kilima kirefu mshale wa joto ulipanda pamoja nanyi, na kufika juu mvuke unatoka chini ya boneti. Kichwa cha injini kilikuwa cha aluminiamu, kikipata joto kinapinda, kikipinda gasketi inaungua, na gasketi ile haikuwapo Mlandizi, haikuwapo Dar es Salaam, pengine haikuwapo Afrika. Lilikuwa na kabureta mbili, na mbili zile zilitakiwa zivute sawasawa. Moja ikizidi kidogo gari linakohoa na kutetemeka hadi vioo vinagonga. Gia ya pili ilisaga meno kila asubuhi mpaka injini ipate moto. Sakafu ililiwa na kutu, siku za mvua mimi nyuma niliinua miguu. Tena lilitaka petroli ya super, wakati sisi kupata petroli ya aina yoyote ilikuwa kupanga foleni kutwa nzima. Fundi mmoja wa Gerezani, kule Dar es Salaam, aliyekuwa hodari wa magari ya Kizungu, alilizunguka akalifunika boneti taratibu.

"Dereva, hili ni gari la mtu mwenye gari jingine," alimwambia baba.

Baba alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri siku hizo.

Sitaki mdhani mama alilichukia gari. Jumapili moja asubuhi, likiwa bado lina afya, baba alitupakia akatupeleka hadi bonde la Ruvu, pale barabara inaponyooka. Mama alikaa nyuma nami, kwa sababu alisema kukaa mbele ni kujionyesha. Baba alingoja lori lililokuwa mbele yetu lipotee, akabadilisha gia, na gari likaacha kunguruma likaanza kuimba. Sijui neno jingine. Miti ikawa ukuta. Mama alishika ushungi wake kwa mikono miwili akasema, "Baba mtoto, utatuua," huku anacheka, anacheka mpaka machozi, na baba kwenye kioo anamtazama yeye badala ya kutazama barabara. Nadhani mtu aliyeendesha lori la korosho mwaka hadi mwaka alikuwa anataka mtu mmoja tu amwone hivyo, na siku ile alionwa.

Kisha gari likaanza kula. Lilikula mbuzi wawili, wakawa tairi. Lilikula redio, ikawa betri. Lilikula baiskeli, ikawa klachi, na klachi haikumaliza mwaka. Mama alinyamaza. Halafu gasketi ikaungua kwa mara ya pili, baba akasikia kuna baharia mmoja bandarini ameleta seti nzima kutoka kwao, na mtu mwingine anaitaka. Wakati huo mama alikuwa kwao Kisarawe, kwenye msiba wa siku tatu. Aliporudi, mahali pa cherehani palikuwa na alama nne tu za miguu sakafuni.

Cherehani ile aliozwa nayo. Baba yake alimpa siku ya harusi, na ndiyo iliyoshona sare za nusu ya watoto wa shule yetu. Ilikuwa ndiyo fedha yake na ndiyo sauti yake; jioni nyumba yetu ililia kwa cherehani hata nisiposikia maneno. Baba alisema ataikomboa korosho zikinunuliwa. Mama alisema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema. Mimi nikatumwa kisimani ingawa mtungi ulikuwa umejaa, na niliporudi mama alikuwa anafunga nguo zake katika kanga. Neno lenyewe la talaka sikulisikia. Ilikuwa talaka moja, ya hasira.

"Nakwenda kuwasalimia kwetu," mama aliniambia. Alinifunga kitambaa kichwani upya, ingawa hakikuwa kimelegea. "Mtii baba yako."

Kwa desturi yetu mtoto wa umri wangu hubaki kwa baba. Na sheria inasema mwanamke mwenye talaka ya namna ile akae eda yake nyumbani kwa mume, ili hasira zikipoa wawe karibu. Lakini kwetu hakuna anayekaa, mwanamke hurudi kwao siku hiyo hiyo, hungoja afuatwe. Mimi hayo sikuyajua. Usiku wa kwanza nilimuuliza baba mama atarudi lini. Alikuwa kitandani, uso ukutani.

"Gari likipona tutakwenda kumchukua," alisema.

Basi mimi nikaelewa, kama mtoto anavyoelewa, kwamba kilichomzuia mama ni ugonjwa wa gari. Mabasi yalipita barabarani kila siku, mawili tu yangetufikisha Kisarawe, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini hatupandi. Asubuhi niliamka nikatoka nje kabla ya kunawa, nikamkuta baba amelala chini ya injini, nikauliza, "Limeamkaje?" Akanijibu limeamka salama, au leo linasumbua kidogo. Mchana akienda na lori nilibaki peke yangu. Sikuwa na ndugu wa tumbo moja. Nilikuwa nikifungua mlango wa nyuma wa gari, nikakaa upande aliokaa mama siku ya Ruvu, nikaweka pua kwenye kiti. Palikuwa bado na mafuta yake ya nazi. Nilikuwa nanusa kidogo kidogo, nikiogopa nitayamaliza.

Upweke wa mtoto haupigi kelele. Nilipika uji ukaungua, nikaula. Chuoni, nikimaanisha chuo cha Kurani, wenzangu waliniuliza mama yuko wapi nikawajibu gari letu linaumwa, na wao wakaona ni jibu. Mtu mmoja tu aliyekuja kwetu ni Mama Mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa hapo hapo Mlandizi ng'ambo ya barabara. Alileta bakuli la wali, akanisuka, akaondoka bila kuzungumza na baba zaidi ya salamu. Mwezi ukapita, na mwingine, na wa tatu ukaingia. Baba alisugua kile kichwa cha injini juu ya kioo chenye msasa, kidogo kidogo kila jioni, mpaka kikanyooka. Naapa sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa subira ile.

Wiki ya mwisho Mama Mdogo alikuja bila bakuli. Baba alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shemeji, nimetoka Kisarawe. Dada anasema siku zake zinaisha Jumapili hii. Kama kuna mtu wa kuja, aje."

"Nitakuja na gari," miguu ilijibu.

"Hakuulizia gari, shemeji."

Miguu ilisogea ndani zaidi. Mama Mdogo aliitazama kwa muda, akanishika kichwa, akaondoka.

Eda ikiwa haijaisha, mume anaweza kumrejea mke wake bila mahari wala ndoa mpya. Ikiisha, na siku huisha jua likizama, mkono umeteleza. Mama alikuwa akimwambia muda umebaki siku nne, na kwa mwanamke wa malezi yake kutuma ujumbe ule ilikuwa kumeza aibu nzima bila maji. Mimi nilielewa kinyume. Nilidhani siku zinazoisha ni siku zake za kukaa huko, kama likizo ya shule, na Jumapili lazima arudi. Nyumbani kwetu mimi peke yangu ndiye niliyefurahi.

Hata hivyo nilikuwa silali, na chakula hakishuki. Mama Mdogo alikwisha kunipeleka kwa mwalimu wetu wa chuo, naye akaniandikia kombe. Nani katika pwani yetu hajanywa kombe? Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji yenye marashi ya waridi, akayatia yale maji ya njano kwenye chupa ya soda. Ninywe asubuhi na jioni.

"Hakuna ugonjwa kombe linaoushindwa," aliniambia, "ila unywe kwa nia."

Jumamosi jioni baba alifunga boliti ya mwisho. Gari likawaka. Lilinguruma vizuri, kabureta zote mbili, na baba akasimama amelishika paa kama mtu anayepima homa imeshuka. Kisha akaenda kuoga. Nami nikaiona chupa yangu dirishani, imebaki nusu na zaidi, nikafikiri: mimi sina ugonjwa mwingine, mama akirudi nitalala. Mgonjwa wa kweli ni huyu. Nilifungua kizibo cha tangi, nikasema bismillahi, nikanuia safari njema, nikamimina lote mpaka tone la mwisho.

Jumapili tuliondoka mapema na Babu. Huyu alikuwa mjomba wake baba, mzee mfupi wa maneno machache, na kwetu mjomba ndiye anayesimama mbele ya wakwe. Baba alivaa shati jeupe. Kwenye kiti cha nyuma karibu nami kulikuwa na doti mpya ya kanga, bado imekunjwa, ya kumpa mama. Kulikuwa na sharti moja la nyakati zile: Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani ila yenye kibali. Baba alilijua. Alisema saa nne tutakuwa Kisarawe, saa sita tumeshakula, na kabla ya saa nane tutakuwa nyumbani, wanne.

Tulipita Kongowe, tukapita Maili Moja. Tulipokuwa tunapanda kilima karibu na Kiluvya gari likakohoa. Likakohoa tena, likavuta, likanyamaza. Mshale wa joto niliuona, ulikuwa chini, halikuwa limechemka.

Baba alifungua boneti. Alijua pa kutazama. Chini ya pampu ya petroli kulikuwa na kikombe kidogo cha kioo, akakifungua, akakiinua juani. Petroli ilielea juu, na chini yake kulikuwa na maji ya njano. Akakisogeza puani. Nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu, namwona uso. Alinusa mara moja, akatulia, akanusa mara ya pili. Kisha akageuza macho, akanitazama.

"Nini?" Babu aliuliza.

"Maji," baba alisema.

"Aliyekuuzia petroli kakuuzia maji."

"Huenda, mjomba."

Hakusema neno jingine juu ya hilo siku ile, wala mwaka ule, wala maisha yake yote. Marashi yale alikuwa ameyanywa tangu utotoni, angeyakosaje? Nimekuwa mama, nimekuwa bibi, nimekasirishwa na watoto kwa mambo madogo kuliko hayo, na kila mara namkumbuka akisema "huenda."

Alimwaga tangi zima ndani ya debe, mafuta yale ya foleni ya siku mbili. Akangoja maji yatue chini, akayamimina mafuta ya juu taratibu kwenye ndoo. Kitambaa cha kuchujia hakuwa nacho. Alisimama kidogo, akafungua mlango wa nyuma, akachukua ile doti. Akaichana pindo katikati, akachujia. Kanga mpya haichuji vizuri, ina wanga. Jua likapanda. Mabasi ya kwenda mjini yalitupita, moja, jingine, jingine.

"Tupande basi," Babu alisema.

"Nikiliacha hapa nitakuta bodi tu. Magurudumu yote yatakwenda."

Babu alitafuta kivuli, hakukipata, akarudi. Mtu mmoja mwenye baiskeli ya mkaa alikuwa amesimama kututazama.

"Basi sikiliza," Babu alisema kwa sauti ya chini. "Sheria haikulazimishi uwe Kisarawe. Sema hapa hapa kwamba umemrejea mkeo. Mimi shahidi, na huyu bwana wa mkaa shahidi wa pili. Neno moja tu, mengine tutayapeleka kesho."

Mimi nilidhani Babu anamtaka aseme dua ili gari liwake, nikamwomba Mungu baba aiseme haraka. Baba alikuwa ameinamia kabureta. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni, shati jeupe limekwisha.

"Mjomba, nimrejee mke wangu kando ya barabara, na grisi hii? Mbele ya mtu wa mkaa?" Alitikisa kichwa. "Nitalisema mbele yake. Kesho nitakwenda."

"Kesho si yako," Babu alisema.

Injini iliwaka saa tisa kasorobo, kwa kukohoa. Kwenda mbele tusingeweza. Hata kurudi tulirudi kwa wizi, tukishika njia ya vumbi kila penye kizuizi cha mgambo. Babu tulimshusha kwake. Hakuaga. Tulifika nyumbani jua linaelekea kuzama, na baba hakuingia ndani. Alitandika gunia, akaanza kuzifungua kabureta moja baada ya nyingine, kila sindano na kila tundu, ili kesho alfajiri tuondoke. Giza lilipoingia nikawasha kandili nikamshikia. Aliniambia inua, nikainua. Aliniambia usogeze huku, nikasogeza. Mkono uliuma lakini sikuubadilisha. Nilikuwa najua nilichofanya, na nilitaka taa isitikisike.

Gari halikuwaka alfajiri. Baba akapanda basi, peke yake, na jioni akarudi peke yake; ndoa mpya mama hakuitaka. Aliingia ndani ya gari, akafunga milango, akafunga vioo, akaweka mikono kwenye usukani. Nilidhani anasikiliza injini kutafuta kasoro. Lakini injini ilikuwa imezimwa. Alikaa humo mpaka nikasinzia mlangoni.

Mama aliolewa na mtu wa kwao, mfanyabiashara mdogo wa Kisarawe, mtu mwema. Likizo nilipelekwa kwa basi, nikakaa wiki, nikarudi. Hakuwahi kuniuliza habari za baba, na mimi sikuwahi kumweleza kilichotokea Kiluvya. Gari lilizidi kuharibika. Spea hazikuja tena, baharia hakuonekana tena, baba akalipandisha juu ya magogo akisema ni kwa muda. Hakuoa. Miaka yote hiyo nilibeba ile chupa ya soda tumboni mwangu. Nilifunga ndoa nayo, nikazaa nayo. Watu walidhani mimi mkimya kwa tabia.

Wiki ile ya chuma chakavu nilikwenda Kisarawe. Mama alikuwa barazani anachambua kunde kwenye ungo, mumewe alishatangulia mbele ya haki, na msibani kwa baba alikuja akakaa na wanawake wengine kama jirani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikakaa chini karibu na magoti yake. Nikamwambia kila kitu: chupa, tangi, kikombe cha kioo, kanga iliyochanwa.

"Kombe?" alisema. "Kwenye tangi la gari?" Akacheka, na nilikisikia kile kicheko cha Ruvu, mara moja tu, kisha kikakatika.

"Mimi nilikuja," alisema.

"Ulikuja wapi?"

"Kwenu. Jumapili ile ile." Vidole vyake viliendelea na kunde. "Nilikaa kwetu nimevaa tangu asubuhi. Saa tisa dereva wa basi akasema kawaona mmekwama Kiluvya, gari limefunguliwa lote. Nikasema huyu hafiki. Baba yangu alikuwa amelala, nikachukua buibui nikapanda basi. Mwanamke hajirudishi, mwanangu, haijapata kuonekana kwetu. Nilijirudisha. Nilifika Mlandizi jua limeshazama, nikajiambia Mungu si mtu wa kuhesabu dakika."

"Sikukuona."

"Nilisimama penye ule ua wa minyaa. Baba yako ameingiza kichwa kwenye gari, na wewe umemshikia taa. Mnaongea taratibu, inua, sogeza. Nikasema mmoja wao akiinua kichwa, naingia. Sitaki aniite, akiinua kichwa tu." Alitupa kunde mbovu uani. "Nilikaa pale mpaka karibu na Isha. Hamkuinua vichwa. Nikaona nyumba imejaa, haina pengo. Nikaenda kulala kwa mdogo wangu, nikamwapisha asiseme."

Nilimshika goti.

"Mama, tulikuwa tunalitengeneza tuje kukuchukua. Nilikuwa namshikia taa kwa ajili hiyo."

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Alitazama njia, ambako hapakuwa na mtu, akatazama kunde, kisha akanitazama mimi.

"Jioni ile," aliniuliza, "mlikula nini?"

Nikamwambia hatukula.